Maswali ya Wasomaji: Hedifoni za kuzima kelele, je, zinastahili bei yake?

Msomaji wa Mabatini, Mwanza, anauliza:

"Ndugu Mhariri, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili na kazi yangu ni kunakili mahojiano ya watafiti. Wananitumia sauti zilizorekodiwa vijijini, nami nazisikiliza na kuziandika neno kwa neno, kisha ninalipwa kwa kila saa ya rekodi. Nyuma ya nyumba tunayopanga kuna mashine ya kusaga nafaka, mbele kuna baa inayopiga muziki kuanzia alasiri, na umeme ukikatika jirani anawasha jenereta. Nimezoea kuongeza sauti hadi mwisho, na usiku nikilala masikio yananivuma. Kaka yangu ananishauri ninunue hedifoni za kuzima kelele za shilingi milioni moja. Mume wangu anasema fedha hiyo ni mtaji wa biashara, na kwamba hedifoni ni hedifoni tu. Nani kati yao amesema kweli?"

Jibu:

Marahaba, dada yangu. Kaka yako na shemeji yetu wanabishana juu ya bei, nami nakuomba uanze na kelele, kwa kuwa hedifoni hizi huziweza kelele za aina moja na kushindwa na za aina nyingine, na hakuna kiasi cha fedha kinachoondoa kabisa tofauti hiyo. Wauzaji huziita za kuzima kelele. Neno sahihi zaidi lingekuwa kupunguza.

Kila kikombe kinachofunika sikio kina vinasa sauti vidogo vinavyodaka kelele ya nje, na ndani yake kuna kompyuta ndogo inayotengeneza papo hapo wimbi la sauti lililo kinyume cha kelele ile: wimbi la kelele linapopanda, hili linashuka, na yakikutana mbele ya sikio yanapunguzana nguvu. Wazo hilo lina umri mkubwa kuliko wengi wetu. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza yake, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, nchini Marekani mwaka 1936, wakati ambapo vifaa vya kulitekeleza ipasavyo havikuwapo. Mwaka 1978 mhandisi Amar Bose, akiwa ndani ya ndege akitokea Zurich, alishindwa kufurahia muziki kwa sababu ya mvumo wa injini, akaanza kupiga hesabu za dawa yake humo humo angani. Kampuni yake ilitoa hedifoni za marubani mwaka 1989, na za abiria wa kawaida mwaka 2000. Nakueleza historia hii kwa sababu tangu mwanzo vifaa hivi vililengwa kwa injini, yaani mvumo mzito usiobadilika, na hadi leo hapo ndipo vilipo hodari.

Siri iko katika urefu wa mawimbi. Sauti nzito ya mitetemo 100 kwa sekunde ina wimbi la mita 3.4 hivi, kwa hiyo kifaa kina nafasi ya kutosha ya kulipima na kulijibu. Sauti nyembamba ya mitetemo 3,000 kwa sekunde, karibu na mlio wa filimbi ya refa, ina wimbi la sentimita 11 tu, na kifaa kikichelewa hata kidogo wimbi lake la kujibu haliangukii mahali pake. Ndiyo maana sauti zikipanda kupita mitetemo 1,000 hivi kwa sekunde, sehemu kubwa ya kazi hufanywa na sponji na kikombe chenyewe kwa kuziba tu, kama unavyoziba sikio kwa kiganja.

Sasa tuziangalie kelele zako moja moja. Jenereta ya jirani, kama ni ile ndogo ya petroli ya mipigo minne iliyozoeleka mitaani, kwa kawaida huzunguka mara 3,000 kwa dakika ili itoe umeme wa hezi 50 tunaoutumia nchini, na silinda yake hulipua mafuta mara 25 kwa sekunde. Huo ni mvumo mzito usiobadilika tangu inapowashwa hadi inapozimwa. Hata hedifoni ya bei ya kati itaupunguza kwa kiasi cha kukushangaza.

Kuhusu mashine ya kusaga sikutaka kukujibu kwa kukisia. Niliazima kwa rafiki yangu hedifoni aina ya Sony WH-1000XM4, nikaenda nazo kwenye mashine iliyo jirani na nyumba yangu Kirumba, nikaketi juu ya gunia la pumba hatua kama kumi kutoka kwenye kinu. Nilipozivaa bila kuziwasha, kelele ilipungua kidogo. Nilipobonyeza swichi, ule mngurumo unaokaa kifuani ulishuka mara moja, kama vile mashine imehamishiwa nyumba ya tatu. Kilichobaki ni mlio mwembamba wa punje zikigongwa na nyundo za ndani, na juu yake, wazi kabisa, sauti ya msagaji akiita, "Debe hili la nani?" Niliwasha rekodi ya mazungumzo kwenye simu, nikaisikia vizuri nikiwa nimeweka sauti chini ya nusu. Nilipozima swichi, maneno yale yale yalimezwa, na mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kitufe cha kuongeza sauti. Mkono huo, dada yangu, ndio unaokuumiza kila siku.

Baa ni habari nyingine. Besi yake itapungua, lakini uimbaji, vicheko na mtu anayegombana na mhudumu vitapita, hafifu zaidi ila vitapita. Watoto wako utawasikia vilevile, na kwa mama anayefanya kazi nyumbani nadhani hilo ni jema. Ningekuwa wewe ningezipanga rekodi zile ngumu, zenye upepo au watu wengi wanaosema kwa pamoja, zifanyike asubuhi baa ikiwa imefungwa, hata baada ya kununua hedifoni nzuri.

Tuje kwenye bei. Sony WH-1000XM5 zilipotoka mwaka 2022 ziliuzwa dola 399 hivi huko Marekani, Bose QuietComfort Ultra zilitoka mwaka 2023 kwa dola 429, na AirPods Max za Apple zilitoka mwishoni mwa mwaka 2020 kwa dola 549. Ukikadiria dola moja kwa shilingi 2,500, hiyo ni kuanzia milioni moja hadi karibu milioni moja na laki nne, kabla ya usafirishaji, ushuru na faida ya muuzaji. Ngazi ya kati ina Sony WH-CH720N za mwaka 2023, zilizotoka kwa dola 150 hivi, yaani karibu shilingi 375,000 kwa hesabu hiyo hiyo. Chini yake ziko Soundcore Life Q30, zilizotoka kwa dola 80 hivi, yaani 200,000.

Milioni moja hununua nini ambacho 375,000 hainunui? Hununua upunguzaji wa kina zaidi, hasa katika sauti za katikati ambamo maneno ya watu huanza kuingia, vinasa sauti vingi zaidi kwa ajili ya kupiga simu, sponji laini zaidi, na utoaji wa muziki wenye ufundi mkubwa. Mtu anayepanda ndege kila mwezi, au anayepokea simu za kazi kutwa nzima, au anayechanganya muziki kwa riziki yake, huyo simlaumu akizinunua. Wewe unasikiliza sauti za wazee na akina mama zilizorekodiwa kwa simu chini ya mwembe. Ufundi wa muziki hautakuongezea neno hata moja katika rekodi hizo, na maadui wako wawili wakubwa, kinu na jenereta, ni wa aina ile ambayo ngazi ya kati inaimudu.

Kuna jambo la uzito pia, ambalo watangazaji hulipita haraka. AirPods Max zina gramu 385 hivi, XM5 zina 250, na CH720N zina 192 tu. Kwa mtu anayevaa saa sita katika chumba chenye joto la Mwanza mwezi wa Oktoba, gramu hizo shingo inazihesabu. Kuhusu chaji usiwe na wasiwasi, kwa kuwa watengenezaji wanataja saa 30 kwa XM5, 35 kwa CH720N na 40 kwa Life Q30, zote zikiwa zimewashwa kazi ya kupunguza kelele, kwa hiyo hata umeme ukikatika siku nzima hutakwama. Ila hakikisha kompyuta yako ina Bluetooth, la sivyo nunua zile zinazokubali waya, na mwombe muuzaji akuoneshe kwamba kelele hupungua hata waya ukiwa umechomekwa.

Sasa naomba unisikilize kwa makini zaidi kuhusu masikio yanayovuma usiku. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asisikilize sauti ya desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki, na mtoto asizidishe desibeli 75 kwa muda huo huo. Desibeli hazipandi kama bei za sokoni: kila zinapoongezeka 3, nguvu ya sauti inayoingia sikioni huongezeka maradufu, na muda salama hupungua kwa nusu. Saa 40 za desibeli 80 zinakuwa 20 kwa desibeli 83, na 10 kwa desibeli 86. Anayesikiliza sauti ikiwa mwisho ili kuishinda mashine ya kusaga huweza kuumaliza muda wake wa wiki nzima Jumatatu kabla ya chakula cha mchana. Chembe za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikishakufa hazioti tena. Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, pumzisha masikio siku chache, kisha nenda ukapimwe. Hospitali ya Bugando ina kliniki ya masikio, pua na koo. Na ukishanunua, usitumie utulivu ule kuongeza raha ya sauti kubwa. Faida yote iko katika kuishusha.

Ushauri wangu basi ni ngazi ya kati, karibu laki nne, zilizo halisi, na ziwe zinafunika sikio lote. Shemeji amekosea kusema hedifoni ni hedifoni tu, na nakuomba umpeleke kwenye kinu azivae mwenyewe. Kosa la kaka ni dogo kuliko la shemeji, kwa sababu amependekeza dawa sahihi kwa kipimo cha mgonjwa mwingine. Gawanya bei kwa saa za rekodi: ukijua malipo yako ya saa moja, utajua ni saa ngapi zitazirudisha fedha hizo, na ikiwa ni zaidi ya miezi mitatu ya kazi, anza na zile za laki mbili.

Na uwe macho na bandia. Mimi mwenyewe niliwahi kulipa 180,000 katika duka moja la katikati ya jiji kwa kitu kilichofungwa vizuri, chenye maandishi ya kampuni kubwa na swichi ya kupunguza kelele, nami kwa haraka sikukijaribu. Nilipofika nyumbani niligundua kwamba swichi ile iliwasha taa ya kijani na hakuna kingine. Sikuwa na risiti, na fedha zile hazikurudi. Kwa hiyo zijaribu pale pale: usicheze muziki wowote, simama karibu na feni au mlangoni penye pikipiki inayounguruma, washa, zima, washa tena. Za kweli zitabadilisha mvumo huo waziwazi, kiasi kwamba hutahitaji mtu kukuambia. Kisha angalia namba ya bidhaa kwenye kasha na kwenye kifaa kama zinalingana, dai risiti, na muulize muuzaji atakupa dhamana ya muda gani kwa maandishi.

Msomaji wa Igoma anauliza:

"Nimeoneshwa hedifoni za mtumba za kampuni kubwa kwa nusu ya bei ya mpya. Je, ni busara kuzinunua?"

Jibu:

Inawezekana, ukikagua vitu viwili. Cha kwanza ni betri, ambayo huchoka kadiri inavyochajiwa, na baada ya mamia kadhaa ya kuchaji haishiki kama zamani. Mwombe muuzaji azichaji hadi mwisho, kisha ziache zikicheza huku ukifanya shughuli nyingine sokoni. Zikishuka sana ndani ya saa mbili, achana nazo. Cha pili ni sponji. Bonyeza kwa kidole uone kama inarudi, na iangalie ngozi yake ya bandia kama imeanza kuchanika au kubanduka vipande vyeusi, kwa kuwa jasho huila. Sponji iliyochakaa huvujisha kelele, na hapo unakuwa umelipia kifaa cha gharama kinachofanya kazi ya kifaa cha bei rahisi. Zikiwa za aina ambayo sponji zake mpya zinapatikana kwa bei nafuu, ongeza gharama hiyo kwenye hesabu kabla ya kupatana.

Mwanafunzi wa chuo, Nyegezi, anauliza:

"Shikamoo. Nimenunua hedifoni za kupunguza kelele ili nisome bwenini, lakini nikiziwasha nahisi masikio yanabanwa kama niko chini ya maji. Isitoshe, kwa rafiki yangu zinafanya kazi vizuri kuliko kwangu. Je, ni mbovu?"

Jibu:

Marahaba, binti yangu. Hali hiyo ya kubanwa huwapata watu wengi, na hakuna hewa inayosukuma sikio lako. Sauti nzito zinapotoweka ghafla, ubongo huchukulia kana kwamba mgandamizo wa hewa umebadilika. Kwa wengi huisha baada ya siku chache. Isipoisha, tumia kiwango cha chini kama programu yake inaruhusu, na kama bado inakuumiza kichwa, usijilazimishe.

Kuhusu rafiki yako, jiangalie kwenye kioo ukiwa umezivaa. Mkono wa miwani, ushungi wenye mikunjo au nywele nene zilizosukwa zikipita chini ya sponji huacha mwanya, na kupitia mwanya huo mvumo wa nje huingia na kifaa hushindwa kuufuta wote. Jaribu kuvaa ushungi mwepesi wa tabaka moja, au uzipitishe nyuzi za nywele nyuma ya sikio, kisha sikiliza feni ya bwenini. Na ukitoka bwenini kwenda kituoni Nyegezi, zivue. Bodaboda na daladala za pale hazimsubiri asiyesikia.

Fundi wa kuchomelea, Nyakato, anauliza:

"Nina karakana ya mageti na madirisha pamoja na vijana wawili. Grenda inatuua masikio. Nimesikia habari za hedifoni hizi nikafikiri ninunue moja tuwe tunapokezana. Unanishauri niweke akiba ya kiasi gani?"

Jibu:

Ndugu fundi, usiweke akiba hata shilingi kwa ajili hiyo. Mlio wa grenda ikikata chuma una sehemu kubwa ya sauti nyembamba na kali, ambazo, kama nilivyomweleza dada wa Mabatini, ndizo zinazoishinda kompyuta ile ndogo. Hedifoni za muziki hazikupimwa kama kinga ya kazini, cheche zitaichoma plastiki yake, na betri ikiisha katikati ya kazi ulinzi unapungua bila wewe kutambua. Halafu grenda inavuka kwa urahisi desibeli 95. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inaruhusu desibeli 85 kwa saa 8, 88 kwa saa 4 na 91 kwa saa 2. Kwa 97 inabaki nusu saa tu.

Mnachohitaji ni vikinga masikio vya kazini, vile vikombe vigumu visivyo na umeme wowote, ambavyo huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya usalama kwa sehemu ndogo ya bei ya hedifoni. Tafuta vyenye kipimo cha upunguzaji kilichoandikwa kwenye kasha kwa desibeli. Kisicho na namba hiyo kirudishe rafuni. Kama vinagongana na kofia ya kuchomelea, tumia vile vya sponji vinavyoingia ndani ya sikio, na watu wengi huvikosea: nawa mikono kwanza, kisokote kati ya vidole hadi kiwe chembamba kama kijiti, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio kwenda juu na nyuma, kiingize, kisha kishikilie kwa kidole huku ukihesabu hadi thelathini kikivimba. Kikiwa kimekaa sawasawa, sauti yako mwenyewe utaisikia kama inatoka ndani ya mtungi. Na mnunue vitatu, kila mtu chake, maana kupokezana kunamaanisha kwamba wakati mmoja wenu amekinga masikio, wawili wamesimama pembeni ya grenda ile ile masikio yakiwa wazi.